Aliyechelewa si mtoro: somo kutoka rafu za duka

Kila asubuhi mwalimu wa darasa hufungua rejista na kuita majina. Anayeitika hutiwa alama ya kuwapo. Asiyeitika hutiwa alama ya kukosa. Rejista hufungwa na somo huanza. Dakika ishirini baadaye hubisha hodi mtoto aliyezuiliwa na mto uliofurika, viatu mkononi, matope hadi magotini. Mwalimu makini humkaribisha, kisha akairudia rejista na kuirekebisha. Mwalimu mwenye haraka humkaribisha tu, na rejista ikabaki ilivyo. Mwisho wa muhula, mkuu wa shule ambaye hakuuona mto wala matope huisoma rejista hiyo na kuuliza kwa nini mtoto huyu amekuwa mtoro.

Nimeanza na rejista kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, na pia kwa sababu kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kutenda kazini lilikuwa kosa la rejista. Mimi si mwalimu. Mimi ni mhandisi mwandamizi wa data katika biashara ya rejareja, yaani maduka makubwa ambamo mteja hujichukulia bidhaa rafuni na kulipa mlangoni. Watu wakisikia neno mhandisi hufikiria daraja au mfereji wa maji. Nami hujenga mifereji, ila kipitacho humo ni habari za mauzo.

Kazi yenyewe ni hii. Keshia anapopitisha pakiti ya unga mbele ya mwanga mwekundu, mashine huandika tarehe, saa, bidhaa, idadi na bei. Matawi ni mengi, na kila tawi lina mashine kadhaa. Usiku, wateja wakiisha kulala, programu ninazoziandika hukusanya habari hizo, huzisafisha, huzipanga na kuziweka katika hifadhidata moja. Mandazi yaokwayo dukani na nyanya zipimwazo kwa mizani huniumiza kichwa kuliko bidhaa nyingine, kwa maana kila tawi huzipa jina lake. Kunapopambazuka, mnunuzi wa kampuni hutazama takwimu zangu na kuamua ni magunia mangapi ya mchele yaagizwe, na yapelekwe wapi. Ama neno “mwandamizi”, halimaanishi kwamba ninajua kuandika programu kuwashinda vijana. Baadhi yao wamenipita mbali. Maana yake ni kwamba takwimu zikipotosha, mimi ndiye wa kuulizwa.

Elimu hii ina historia fupi. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani, pakiti ya ubani wa kutafuna ya Wrigley ilipitishwa mbele ya mashine ikauzwa kwa senti 67. Ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa mistari yake meusi na meupe kwa njia hiyo. Leo mwanafunzi akigeuza pakiti ya majani chai huiona mistari hiyo, na chini yake tarakimu 13. Tarakimu tatu za kwanza zikiwa 616, nambari hiyo ilisajiliwa Kenya. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Chukua zile 12 zinazoitangulia. Jumlisha zilizo katika nafasi za kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo. Kisha jumlisha zilizo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea, na jumla hii ya pili uizidishe kwa 3. Unganisha majibu hayo mawili. Kiasi kinachopungua ili kufikia kumi kamili inayofuata ndicho tarakimu ya 13. Tujaribu kwa nambari ya kubuni, 616123456780. Jumla ya kwanza ni 32. Ya pili ni 17, ikizidishwa kwa 3 ni 51. Zote pamoja ni 83, na ili kufikia 90 zinapungua 7. Mashine ikisoma tarakimu moja vibaya, hesabu hukataa na keshia hupitisha tena.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa darasa la hisabati, lakini isitupumbaze. Tarakimu ya 13 hulinda usomaji wa nambari. Hakuna tarakimu inayomlinda mtu atakayehukumiwa kwa nambari hiyo. Hili nililijua kwa uchungu mwaka 2017.

Katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa na tawi lenye shughuli nyingi. Msimamizi wa stoo alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache, ambaye kila mmoja pale alimwita Mzee tu. Mwezi mmoja ulipokwisha, wakaguzi walifika kuhesabu bidhaa tatu ziendazo sana: sukari, mafuta ya kupikia na mchele. Kanuni ya ukaguzi ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa shule ya msingi: chukua bidhaa zilizokuwapo mwanzoni, ongeza zilizopokelewa, toa zilizouzwa, nawe utapata zinazopaswa kuwapo. Pakiti za sukari zilikuwa 1,200 mwanzoni, zikapokelewa 800, tarakilishi ikasema zimeuzwa 1,450. Zilipaswa kubaki 550. Wakaguzi walihesabu, wakarudia kuhesabu, wakapata 310. Pakiti 240 hazikuonekana. Mafuta yalipungua kwa chupa 91, na mchele kwa mifuko 61.

Ripoti ilifika makao makuu ikiwa na jedwali safi na nambari zilizopangwa vizuri. Juu yake palikuwa na jina la idara yangu. Hakuna aliyeuliza zilikotoka nambari zile, kwa kuwa zilitoka kwa tarakilishi. Mzee alisimamishwa kazi siku iyo hiyo. Aliambiwa akabidhi funguo mbele ya vijana aliowafunza kupanga magunia, kisha akasindikizwa hadi langoni na bawabu aliyezoea kumsalimu kila asubuhi.

Ninaona haya kukiri kwamba mwanzoni sikushtuka. Nilisema moyoni kuwa wizi ni jambo la kila siku katika maduka, na kwamba kazi yangu ni nambari tu, si watu. Kilichonisumbua kilikuja siku kadhaa baadaye, nilipokuwa nikitazama takwimu hizo kwa shughuli nyingine kabisa. Mwisho wa mwezi, tawi lile liliuza takriban pakiti 120 za sukari kwa siku. Liliuza chupa kama 46 za mafuta, na mifuko 30 ya mchele. Nikatazama tena zilizopotea: 240, 91 na 61. Kila bidhaa ilikuwa imepungua kwa mauzo ya siku mbili, si zaidi wala si pungufu kwa kiasi cha kutajika. Nilijiuliza: ni mwizi gani huyu anayeiba kwa uwiano ule ule ambao wateja hununulia? Mwizi huchukua kilicho chepesi na chenye bei. Hakai akapiga hesabu ya uwiano.

Nilipanda basi nikaenda katika mji ule, na baada ya kuuliza uliza nikamkuta Mzee nyumbani kwake. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha kiti na chai bila ya kuniuliza nilichofuata. Nilipomweleza kwamba mimi ndiye niliyeandika programu zilizotoa zile hesabu, alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Alikuwa ameandika humo kila kilichotoka stoo kwenda rafuni, kwa kalamu ya wino wa buluu, na kando yake aliandika mambo ya siku. Katika ukurasa wa Ijumaa moja ya mwezi ule alikuwa ameandika: “Wachimba barabara wamekata waya alfajiri. Mashine hazina mawasiliano. Wateja wengi, wanalipa taslimu.” Katika ukurasa wa Jumamosi: “Bado.” Katika ukurasa wa Jumapili: “Waya umerudi asubuhi.”

Nilipoyasoma maneno hayo nilielewa kila kitu, na mikono ikaniwa baridi. Programu yangu iliamka kila usiku saa nane na kuuliza kila tawi swali moja tu: nipe mauzo ya jana. Usiku wa kuamkia Jumamosi iliuliza mauzo ya Ijumaa, tawi lile likawa kimya. Usiku wa kuamkia Jumapili iliuliza ya Jumamosi, likawa kimya tena. Mashine za keshia zenyewe hazikupoteza kitu. Zilihifadhi kila risiti, na mawasiliano yaliporejea zikazituma zote zikiwa na tarehe zake za kweli. Lakini usiku wa kuamkia Jumatatu programu iliuliza mauzo ya Jumapili, ikapewa, ikatosheka. Ya Ijumaa na Jumamosi yalikuwa yamefika mlangoni, matope hadi magotini, na rejista ilikuwa imekwisha kufungwa. Katika hesabu ya bidhaa, siku hizo mbili tawi halikuuza hata pakiti moja.

Kosa lilikuwa la namna mbili, na yote mawili yalikuwa yangu. La kwanza ni kuchanganya tarehe mbili: tarehe ambayo jambo lilitendeka na tarehe ambayo habari zake zilinifikia. Nilidhani ni moja kwa kuwa katika siku nyingi huwa ni moja. La pili ni kuchanganya sifuri na kimya. Mwalimu yeyote ajua kwamba mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata 0 si sawa na mwanafunzi ambaye hakufika chumba cha mtihani. Wa pili huandikiwa X. Programu yangu haikuwa na X. Ilipokosa jibu iliandika 0, kisha ikaongeza kwa ujasiri kwamba kazi imekamilika.

Yapo na mengine. Fedha zile za Ijumaa na Jumamosi zilikuwa zimepelekwa benki Jumatatu kama kawaida. Wahasibu waliona fedha zisizo na mauzo, wakaziweka katika akaunti ya muda hadi zijulikane asili yake. Ghorofa ya juu yao, wasimamizi wa bidhaa waliona bidhaa zisizo na fedha, wakamwita mtu mwizi. Baina ya idara hizo mbili palikuwa na ngazi ya hatua kumi na nane, na hakuna aliyeipanda wala kuishuka akiwa na karatasi zake mkononi. Kulinganisha pande mbili za hesabu si jambo geni. Mtawa wa Kiitaliano, Luca Pacioli, alikwisha kulieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Sisi, pamoja na mitambo yetu yote, tulikuwa tumelisahau.

Nilirudi makao makuu nikaandika barua ya kueleza kosa langu. Wenzangu wawili walinishauri niseme kwamba “mfumo ulipata hitilafu”. Nilikataa, kwa sababu mfumo haukujiandika. Mzee alirejeshwa kazini, akalipwa siku alizokosa, na kupewa barua ya msamaha yenye mistari mitatu. Hata hivyo, mkewe alikuwa ameacha kuhudhuria chama chao cha akina mama kwa kuona haya, na sidhani kwamba mistari mitatu ilitosha kumrudisha. Nilipomwomba Mzee radhi mimi mwenyewe, alinijibu kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi: “Kijana wangu, mashine yako haikunisingizia. Ilihesabu iliyopewa. Wewe ndiye uliyefunga mlango mapema.”

Huenda msomaji akasema kwamba hicho ni kisa cha duka moja na mzee mmoja. La hasha. Nchini Uingereza, shirika la Post Office lilianza mwaka 1999 kueneza katika vituo vyake mfumo wa tarakilishi uitwao Horizon, uliotoka kwa kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa vituo vidogo, ambao wengi wao walikuwa pia wenye maduka vijijini na mitaani, walianza kuonyeshwa na mfumo huo kwamba fedha zimepungua. Walipolalamika, waliambiwa kwamba tarakilishi iko sawa. Sheria ya huko nayo ilichukulia kuwa tarakilishi inafanya kazi ipasavyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015. Baadhi walifungwa gerezani, wengine wakafilisika, na wapo waliojitoa uhai. Ni Desemba 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha mapungufu hayo, na ni 2024 ndipo bunge lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka Mzee na daftari lake. Wangapi miongoni mwao hawakuwa na daftari?

Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake. Ni sheria njema. Lakini sheria hungoja mtu adhulumiwe ndipo iitwe, ilhali mimi natafuta lile litakalotangulia dhuluma. Nalo, nadhani, lapatikana darasani.

Siku hizi wazazi wengi wanataka watoto wao wafundishwe kuandika programu, nami siwalaumu, kwani kazi hiyo imenilisha. Hata hivyo, kuandika programu ndilo jambo jepesi. Nimewaajiri vijana waliohitimu kwa alama za juu sana, wawezao kuipanga data ya mwaka mzima kwa dakika chache. Nikiwauliza nambari fulani ilitoka wapi, hunijibu: “Ilikuwa katika jedwali.” Hawajafunzwa kuuliza maswali matatu ambayo mkulima humuuliza dalali bila kwenda shule: Nambari hii umeipata wapi? Nani au nini hakikuhesabiwa? Na isipokuwa kweli, nani ataumia?

Maswali hayo hayahitaji tarakilishi. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi rejista ya siku moja pamoja na hesabu ya sahani za githeri zilizotolewa adhuhuri. Ikiwa rejista yasema waliopo ni 47 na sahani ni 50, basi watafute wale watatu. Huenda walichelewa. Huenda kuna aliyekula mara mbili. Huenda mpishi alikosea kuhesabu. Watakaporudi na jibu watakuwa wamefanya kazi ile ile nifanyayo mimi kila siku, tena huenda wameifanya vizuri kuliko nilivyofanya 2017. Na mwalimu wa Kiswahili asijione yuko nje ya jambo hili. Ni sentensi chache za Mzee, zilizoandikwa kwa lugha fupi na ya wazi, zilizookoa jina lake. Mwanafunzi anayejua kuandika kwa usahihi kile alichokiona, siku alipokiona, anajiwekea ushahidi ambao hakuna mashine itakayomnyang'anya.

Ama programu yangu, niliiandika upya. Kila usiku sasa huuliza mauzo ya jana, kisha hurudi nyuma siku kumi na nne kutazama kama kuna risiti zilizochelewa. Kila risiti ina nambari yake, kwa hiyo hata ikiletwa mara tatu huhesabiwa mara moja. Tawi likinyamaza, huandikwa X, na hakuna ukaguzi uruhusiwao kufanyika juu ya X. Kila asubuhi mauzo hulinganishwa na fedha zilizoingia benki na zile za M-Pesa. Vijana wapya huniuliza kwa nini tunaipotezea tarakilishi muda kwa kuirudisha nyuma siku zote hizo, wakati karibu kila usiku haipati kitu. Huwasimulia habari za mzee mmoja na waya uliokatwa na wachimba barabara.

Basi, mwalimu, kesho utakapomaliza kuita majina, usiwe mwepesi wa kuifunga rejista. Iache kalamu mezani kidogo. Huenda kuna mtoto ambaye bado yuko mtoni.